Uongofu wa Maslahi

Mama Pindo hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimletea kitambaa atakupima, atakuambia "njoo Alhamisi", na Alhamisi ukifika nguo iko kwenye kamba inakusubiri. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka hata nguo yenyewe ikiisha kuwa tambara la kupigia deki. Chumba chake cha kazi kilikuwa upande wa mbele wa nyumba, mlango ukiitazama barabara. Humo mlikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na benchi la wateja. Kwenye kamba zilining'inia sare za shule na majoho ya kwaya.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa watu, ambaye kicheko chake kilitangulia kuingia nyumbani kabla yake. Kanisani aliimba sauti ya nne, na mwaka ule alikuwa amechaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Dada yake mkubwa aliipokea habari hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyechaguliwa. Akawa anatembea barabarani taratibu, ili watu wapate nafasi ya kumsalimu.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa kidato cha tatu. Baba yake alimwita Profesa tangu akiwa mdogo, maana hakuna swali lililompita. Mungu analala saa ngapi? Kama Mungu yuko kila mahali, kwa nini tunavaa viatu vizuri kwenda kumwona kanisani? Baba alicheka mpaka machozi, shangazi akakunja uso, na mama akaendelea kushona.

Basi shuleni kwao akaja mwalimu mpya wa somo la dini, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, mwenye suruali ndefu kuliko miguu yake. Aliwaambia wanafunzi kwamba dini si jedwali la kuzidisha, haikaririwi. Aliwauliza waliamini nini na kwa nini. Wanafunzi hawakuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote, wakampenda kufa. Profesa ndiye aliyempenda kuliko wote. Kila jioni alirudi na neno jipya: leo fumbo, kesho tafakuri, kesho kutwa uongofu.

Muhula ulipokaribia kuisha, mwalimu akawapa kazi. Kila mmoja atafute mtu wa karibu naye, amhoji jinsi alivyoifikia imani yake, kisha siku ya wazazi asimame aieleze safari hiyo mbele ya watu kwa dakika tano.

Profesa alirudi nyumbani, akatupa mkoba, akaketi kwenye benchi la wateja.

"Mama, nataka nikuhoji wewe."

"Mimi? Kamhoji baba yako. Si ndiye mzee wa kanisa?"

"Baba alizaliwa kanisani, akakulia kanisani. Hana safari huyo, hajatoka hata kituoni. Wewe ndiye mwenye safari."

Cherehani kikanyamaza. Mtoto alijua machache tu: kwamba kwao mama ni watu wa msikitini, na kwamba huko hawaendi. Ilikuwa kama chumba kilichofungwa ndani ya nyumba. Kila mtu anajua kipo, na kila mtu anapita mlangoni pake akielekea kwingine.

Mama Pindo aliutazama uso wa binti yake, akauona jinsi ulivyokuwa na njaa ya kusikia. Ni miaka mingi hakuna mtu aliyemtazama hivyo. Akainuka, akaurudisha mlango, akaketi.

"Nilimpenda baba yako," akaanza. "Alikuja kwetu kutengeneza bomba la ua. Bomba likapona upesi, lakini yeye akawa anarudi kulitazama. Tulipotaka kuoana, shangazi yako akasema hakuna harusi bila ubatizo. Nikabatizwa. Unataka kujua nilihisi nini? Maji yalikuwa baridi. Hicho tu ndicho nilichokiwaza."

"Kwa hiyo hukuamini?"

"Nilimwamini baba yako."

Profesa akacheka, na mama naye akacheka kidogo. Kisha akasimulia yasiyochekesha. Baba yake mzazi alimwambia atoke, na akitoka asigeuke. Mama yake alikuwa akimpigia simu kwa siri, akinong'ona kama mwizi, mpaka simu zikakoma. Habari za msiba alizipata kwa jirani, mama yake akiwa tayari kaburini. Akasafiri usiku na mchana. Kaka yake akasimama mlangoni, akamuuliza, "Umekuja kwa nani?" Akarudi na mkoba wake bila kuufungua. Na huku wifi yake akampa mkono wa pole, akasema, "Lakini hao si watu wako tena, wifi yangu. Jipe moyo."

"Nilikaa miaka hivyo," akasema. "Kanisani naimba, ndani pakavu. Kule nimefukuzwa, huku sijafika. Kisha ukaugua wewe. Homa ile ya uti wa mgongo, hujui, ulikuwa mdogo. Daktari alikwisha kuacha kuniambia 'kesho'. Akija ananitazama tu, anaondoka. Baba yako yuko nje anazungumza na watu. Nikakaa sakafuni kando ya kitanda chako, nikaomba. Sikuomba kwa maneno ya kanisani, wala ya nyumbani kwetu. Niliomba tu kama mtu anayemshika mwenziwe nguo asiondoke. Na nilisikilizwa, mwanangu. Sisemi kwamba ulipona, maana watoto wengine waliombewa mle wodini na hawakupona. Nasema nilisikilizwa. Mtu unajua ukisikilizwa. Tangu siku ile, nikisimama kanisani nimesimama kweli. Sijamwambia mtu, hata baba yako."

Profesa alikuwa akilia. Akamkumbatia mama yake, na Mama Pindo akajihisi mwepesi, kama aliyetua mzigo kichwani na shingo bado haijaamini.

"Mama, naweza kuyasema haya?"

Aliwaza jinsi ambavyo kwa miaka yote hiyo, kwa ndugu za mumewe, yeye amekuwa "yule aliyekuja". Akiimba kwa sauti wanasema anajitia, akiimba taratibu wanasema hajazoea. Aliwaza wifi yake ameketi kwenye kiti cha plastiki, anasikia habari za wodini kutoka kinywani mwa mtoto. Kutoka kwake yeye Mama Pindo wifi asingezikubali, lakini kutoka kwa mtoto huenda.

"Sema," akajibu. "Lakini sema vizuri."

"Niamini, mama."

Siku ya wazazi bwalo la shule lilijaa mpaka madirishani. Mumewe alivaa suti yake ya harusi za watu, akaketi kulia kwake. Wifi, kilemba kama mnara, akaketi kushoto. Mchungaji alikuwa mstari wa mbele pamoja na wageni waalikwa. Mvulana mmoja alieleza habari za babu yake aliyeacha ulevi, watu wakampigia makofi. Msichana mwingine alisahau maneno katikati, akakimbia, watu wakampigia makofi zaidi. Kisha akaitwa Profesa.

Alisimama vizuri, sauti haitetemeki. Baba yake akaivuta tai, akanong'ona, "Huyo sasa."

"Mwalimu wetu ametufundisha," akaanza Profesa, "kwamba kuna uongofu wa aina mbili. Kuna uongofu wa moyo, mtu anapobadili dini kwa kuwa ameamini. Na kuna uongofu wa maslahi, mtu anapobadili dini ili apate kitu: kazi, usalama, au ndoa. Mfano wa aina hii ya pili ninao nyumbani. Ni mama yangu."

Mama Pindo hakuelewa mara moja. Alidhani amesikia vibaya. Profesa akaendelea, na alieleza vizuri, kwa kweli alieleza vizuri mno. Alisimulia bomba la ua, watu wakatabasamu. Alisimulia maji baridi. "Nilimuuliza, hukuamini? Akanijibu: nilimwamini baba yako." Bwalo zima likaangua kicheko. Mumewe naye alianza kucheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Profesa akasimulia simu za kunong'ona, na kaka aliyesimama mlangoni, na hapo wanawake wengine wakatoa leso.

"Sasa ataifikia hospitali," Mama Pindo alijiambia. Vidole vyake vilikuwa vinaukunja na kuukunjua ukingo wa kitenge. "Sasa hivi."

"Kwa hiyo mama yangu aliipoteza dini moja bila kuipata nyingine," Profesa akasema. "Tusimhukumu. Jamii ndiyo iliyomfanya aivae imani kama sare. Tujiulize sisi wenyewe, ni wangapi wetu tumevaa sare? Ahsanteni."

Makofi yalivuma kama mvua juu ya mabati. Mwalimu wa dini alisimama, macho yanamng'aa. Na Mama Pindo naye akapiga makofi, kwa sababu mama ambaye mtoto wake anapigiwa makofi hawezi kukaa mikono mapajani.

Nje, mwalimu alimfuata mbio. "Mama, umetupa somo kubwa sana. Ujasiri ulioje!" Mchungaji akampa mkono, akaushikilia kuliko kawaida, akamtazama kama anayetazama ukuta uliopata ufa. Wifi hakumpa mkono. Alipita na kilemba chake, akasema kwa mtu asiyekuwepo, "Nilisema mimi. Nilisema tangu mwanzo."

Nyumbani walikula, chakula kikaondolewa mezani.

"Ni kweli?" mumewe akauliza.

"Kipi?"

"Kwamba uliingia kwa ajili yangu tu."

"Mwanzo, ndiyo."

"Na baadaye?"

Akamweleza. Alimweleza habari za wodini, sakafu, kitanda, na namna alivyosikilizwa. Lakini maneno yale yaliyotoka jioni ile kwenye chumba cha kushonea kama maji ya kisima, sasa yalitoka kwa kukwama, kama ya mtu anayehojiwa kituo cha polisi. Akajisikia mwenyewe anavyosikika. Habari iliyocheleweshwa sana hufanana na kisingizio.

"Miaka yote hiyo," mumewe akasema, "hukupata siku ya kuniambia?"

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa afadhali. Alisema kama mtu aliyegundua bomba limekuwa likivuja ndani ya ukuta, na anawaza limeozesha kiasi gani.

Mama Pindo akaenda chumbani kwa binti yake. Profesa alikuwa kitandani, bado na sare, uso umesawijika. Alikwisha kuhisi kwamba jambo limeharibika, ila hakujua ni wapi.

"Hospitali iko wapi?" mama akauliza.

"Niliikata, mama. Dakika zilikuwa tano."

"Kwa nini usikate bomba? Kwa nini usikate maji baridi?"

"Mwalimu alisema sehemu ile inachanganya hoja. Nikiiweka unakuwa aina ya kwanza na aina ya pili kwa pamoja. Wasikilizaji wangepotea."

"Wao hawakupotea," mama akasema. "Nimepotea mimi."

"Mama, mimi nilidhani utafurahi. Nilisema tusikuhukumu!"

"Ulisema. Nilikusikia."

Maneno yakimwagika hayazoleki. Kabla ya wiki kuisha, mtaa mzima ulikuwa unajua, kila mtu na toleo lake. Wifi hakulala. Alikwenda kwa huyu, akaenda kwa yule, akiuliza kwa upole swali moja tu: itakuwaje mzee wa kanisa alale nyumba moja na mtu asiyeamini, kisha aje kutushauri sisi? Wazee wengine wakatikisa vichwa. Jumamosi mchana mchungaji akaja nyumbani, wifi akiwa nyuma yake, wakaketi sebuleni.

Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alizunguka sana kabla ya kufika. Aliulizia kazi, akaulizia mgongo wake Mama Pindo, akausifu uhodari wa mtoto. Mwisho akasema wazee wamependekeza kwamba Jumapili ijayo dada yetu asimame mbele, arudie ungamo la imani alilolisema siku ya ubatizo, ili kuondoa maneno.

"Ni dakika moja tu," akasema.

"Tena ni heshima," wifi akaongeza. "Wengine hawapewi nafasi ya pili."

Mama Pindo alimtazama mumewe. Aliyekuwa ameketi pale alikuwa yule yule aliyelirudia bomba lisilo na ubovu, aliyelia hadharani siku ya harusi bila kuona haya. Alimsubiri. Alitaka aseme neno moja tu, hata kama lingekuwa la mzaha: kwamba mke wangu namjua mimi.

Mumewe akajikuna shingo. "Mama Profesa," akasema taratibu, "ni maneno tu. Yaseme, yaishe."

Kitu kikakatika ndani yake, bila kelele, kama uzi.

"Niliyasema siyaamini," akajibu, "mkanipigia vigelegele. Shahidi ni wewe, wifi, uliimba mpaka sauti ikakukauka. Leo nayaamini, mnataka niyarudie ili muamini nyinyi. Na baba Profesa anasema ni maneno tu. Basi kati yetu ni nani aliyeongoka kwa maslahi?"

"Unaona ulimi huo!" wifi akaruka.

"Siyasemi, mchungaji. Niliyemwambia alinisikia. Kama hakuwaambia nyinyi, mwulizeni yeye."

Mchungaji alikunywa chai yake yote, kwa adabu, akaaga.

Mumewe alijiuzulu uzee wa kanisa kabla hajaondolewa. Hakumlaumu mkewe. Hakumpiga, hakumtukana, wala hakuleta mwanamke mwingine. Aliacha tu kucheka nyumbani. Kicheko alikibakiza kazini. Jirani aliyezibuliwa sinki lake alimwambia Mama Pindo, "Mumeo ana vituko, jana tumecheka mbavu hatuna." Kwaya ikapeleka majoho kwa fundi mwingine. Hawakusema sababu, naye hakuuliza.

Mwanzoni aliendelea kwenda kanisani. Aliketi nyuma. Hakuna aliyemfukuza, na watu walimsalimu. Lakini wimbo ukianza aliona vichwa vinageuka kidogo kumwangalia mdomo. Hilo angelivumilia, alikwisha kuvumilia makubwa. Lililomshinda lilikuwa jingine. Akifumba macho kuomba, alisikia sauti safi ya binti yake ikieleza: hapa mama yangu anaomba, sasa huyu ni wa aina gani? Hata jikoni, hata chooni, akisema tu "Ee Mungu", sauti ile ilikuja na makofi yake. Ile iliyokuwa siri kati ya wawili ilikwisha kuwa mfano. Mchana mmoja alipotoka kununua vifungo alipita karibu na msikiti wakati wa adhana, akasimama. Alisubiri moyo umwambie kitu. Miguu ndiyo iliyosema, ilikuwa inauma. Akaenda zake.

Akaacha kwenda kanisani. Jumapili asubuhi, watu wakipita barabarani na viatu vyao vizuri, cherehani chake kilisikika.

Mwalimu wa dini alikuja mara moja. Alikuja na suruali kwapani, kisingizio kizuri, maana kweli ilikuwa ndefu. Alizungumza muda mrefu. Alisema hakujua yatafika huko, na kwamba ile ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kuzisikia. Kisha, akiangalia chini, akasema kuna mashindano ya shule za mkoa, na kama mama angeridhia...

"Mwalimu," Mama Pindo akamkata, "wewe una dini gani?"

Kijana akababaika. "Mimi... mimi nasoma dini zote, mama. Natafuta kuelewa."

"Haya. Simama wima nikupime."

Akampima, akapiga pini. "Njoo Alhamisi," akasema. Alhamisi suruali ilikuwa kwenye kamba, na pindo lake halikuwa na kasoro.

Profesa aliomba msamaha, tena na tena, kwa machozi ya kweli. Akajitolea kusimama kanisani aseme kipande kilichobaki. Mama akamkataza. "Watasema nimekufundisha." Akamsamehe. Mzazi atamchukia vipi mtoto aliyemwombea akiwa sakafuni? Lakini tangu siku ile hakumsimulia tena jambo. Walizungumza vizuri tu: kula, vaa sweta, umerudi saa ngapi, maji yamekatika. Profesa akijaribu kuuliza zaidi, mama aliwasha cherehani.

Mtihani wa mwisho Profesa aliufaulu kuliko wenzake wote. Akapata nafasi chuo cha mbali, kusomea dini. Asubuhi ya kuondoka baba yake alibeba sanduku mpaka kituo cha basi, akajaribu mzaha mmoja ambao haukufika mbali. Shangazi alikuja na maandazi, akamwombea kwa sauti pale pale kituoni, mikono juu, abiria wanatazama. Mama alisimama pembeni na blanketi alilolishonea ukingo, la Profesa kwenda nalo chuoni.

Basi likapiga honi. Profesa akarudi kutoka mlangoni, akamshika mama yake mikono yote miwili.

"Mama, uniombee."

Mama Pindo akamrekebisha kola ya blauzi.

"Shangazi yako amekwisha kukuombea."

"Nataka wewe."

Alimtazama binti yake, ambaye sasa alimpita kimo, macho yale yale yenye njaa ya kusikia. Alitafuta ndani yake, kwa uaminifu wote, kama mtu anayepapasa mfukoni mbele ya mtoto wake akitumaini kimebaki chochote.

"Panda," akasema. "Watakuacha."

Profesa akapanda. Basi lilipoondoka, baba na shangazi walipunga mikono mpaka vumbi likatua. Mama Pindo alikuwa amekwisha kugeuka kurudi nyumbani, blanketi bado liko mkononi mwake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekumbuka kulitoa.